Kupaka laka kwa brashi: mwongozo kwa fundi asiye na kompresa

Pita Keko, Dar es Salaam, au kando ya barabara ya Ngong, Nairobi, utakuta makabati na vitanda vinapuliziwa laka kwa kompresa. Kwa karakana yenye oda nyingi hiyo ndiyo njia. Ila mafundi wengi hawana kompresa, na wengine wanayo lakini umeme hauaminiki. Fundi wa namna hiyo hununua kopo la laka, akaipaka kama anavyopaka rangi ya mafuta, ikamkaukia njiani, ikaacha michirizi ya brashi, naye akaamua kwamba laka haipakwi kwa brashi. Hukumu hiyo si ya haki. Laka hupakwa kwa brashi na ikatoka safi, hasa kwenye kazi ndogo na za kati: meza ya kahawa, stuli, kabati la vitabu, fremu ya picha, sanduku. Kinachotakiwa ni kuelewa inavyokauka. Ukishalielewa hilo, hutahitaji kukariri kanuni, maana karibu zote zinatoka hapo.

Laka inavyokauka

Rangi ya mafuta na vanishi ya kawaida hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani. Mafuta yaliyomo hugeuka kuwa kitu kingine, na yakishageuka hayarudi: ukiyafuta kwa tapentaini hayayeyuki tena. Laka ya naitroselulosi, ambayo ndiyo tunayoizungumzia hapa, haiko hivyo. Ndani ya kopo mna utomvu mgumu ulioyeyushwa kwa thina. Ukipaka, thina huruka, utomvu hubaki juu ya mbao, basi. Chukua meza iliyopakwa laka miaka kumi iliyopita, idondoshee thina, na laka itayeyuka.

Kwa hiyo koti la pili, yaani tabaka la pili la laka, likipakwa, huyeyusha kidogo uso wa koti la kwanza na yote mawili hushikana kuwa kitu kimoja. Huhitaji kukwaruza kwa msasa ili koti jipya lishike, unapiga msasa ili kuondoa vumbi na kusawazisha tu. Na ndiyo maana pia huwezi kuirudia rudia laka kwa brashi: kila unaporudi unaburuta kitu kilichoanza kuganda juu, huku koti la chini nalo limelainika. Michirizi inayowakatisha watu tamaa inatoka hapo.

Laka hii iliingia viwandani kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Naitroselulosi ndiyo malighafi ya baruti isiyo na moshi, na vita vilipokwisha viwanda vilibaki na uwezo mkubwa wa kuitengeneza. Kampuni ya DuPont nchini Marekani ikatoa laka iliyoitwa Duco, na General Motors ikaitumia kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924. Kabla ya hapo, kupaka gari rangi na kusubiri ikauke kulichukua wiki kadhaa. Laka ilikauka haraka kiasi kwamba haikuwezekana kuipaka kwa brashi kwa raha, wakaipulizia. Tangu wakati huo laka nyingi za dukani hutengenezwa kwa ajili ya kupuliziwa. Sisi wa brashi tunachofanya ni kuipunguzia kasi.

Kazi inayofaa na isiyofaa

Usipake laka ya naitroselulosi kwenye mlango wa nje, dirisha, au kiti cha bustanini. Jua huifanya iwe ya manjano na kupasuka, na mvua humalizia. Kwa nje tafuta vanishi ya nje au mafuta ya mbao. Meza ya jikoni inayowekewa sufuria za moto kila siku nayo haifai sana, kwa kuwa laka hulainika kwa joto.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa kwetu hawawaambii wateja, na linaleta ugomvi usio wa lazima. Kitambaa cha plastiki cha kufunika meza, kile chenye maua, kina kemikali za kukilainisha. Kemikali hizo huhamia kwenye laka taratibu na kuilainisha, mpaka plastiki inaganda juu ya meza na kubandua laka inapovutwa. Mteja anasema fundi alipaka vibaya. Mwambie mapema: kitambaa cha nguo ni sawa, plastiki hapana. Vilevile asiache vitakasa mikono, manukato wala dawa ya kuondoa rangi ya kucha juu ya meza hiyo. Spiriti hulainisha laka, na asetoni iliyomo kwenye dawa ya kucha huiyeyusha kabisa.

Vitu vya kununua

Tuchukue mfano mmoja ili hesabu ieleweke: meza ya kahawa ya mninga, urefu sentimita 120, upana 60. Uso wa juu ni mita za mraba 0.72. Ukijumlisha upande wa chini, miguu na fremu, unapata kama mita 2 za mraba. Lita 1 ya laka hufika takriban mita 8 hadi 10 za mraba kwa koti moja. Kwa hiyo lita 1 inatosha kwa makoti manne, kwani upande wa chini hauhitaji zaidi ya makoti mawili.

Dukani uliza laka ya naitroselulosi isiyo na rangi, inayong'aa au isiyong'aa kulingana na kazi. Usichukue ile inayouzwa na kikopo cha pili cha hadena, yaani dawa ya kuigandisha. Hiyo ni nzuri na ngumu zaidi, lakini ikishaganda haiyeyuki tena, na mambo mengi ninayoyaeleza hapa hayaihusu. Kama ni mara yako ya kwanza, anza na inayong'aa hata kama unataka uso usiong'aa. Ile isiyong'aa ina unga wa kuua mng'ao ambao hutuama chini ya kopo, na usipoikoroga sawasawa utapata mabaka. Mng'ao unaweza kuupunguza mwishoni.

Thina ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Ipo thina ya bei nafuu inayofaa kuoshea brashi tu, na ipo ya kuchanganyia laka. Ile ya bei nafuu mara nyingi ina viyeyushi dhaifu vingi, na viyeyushi vikali vikitangulia kuruka, utomvu huganda vibaya na uso unakuwa na ukungu mweupe hata siku ya jua kali. Nunua thina ya laka, ikiwezekana ya kampuni ileile iliyotengeneza laka yako. Tapentaini, mafuta ya taa na petroli hazichanganywi na laka hata kidogo.

Kisha kuna ritada. Hii ni thina inayoruka polepole, na kwa mtu wa brashi ni mkombozi. Kama duka la rangi za nyumba hawana, nenda kwa wauzaji wa rangi za magari. Kichupa kidogo kinatosha.

Brashi iwe ya nywele za mnyama, laini na zilizojaa, upana inchi 2 au 2½ kwa ubao wa juu, na inchi 1 kwa miguu. Brashi za sponji na rola za sponji huyeyuka. Baadhi ya nywele za plastiki nazo hulainika na kujipinda. Usibane pesa hapa; brashi nzuri utaishi nayo miaka. Ongezea msasa namba 120, 180, 220, 320 na 400, vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi, soksi nyembamba za kike za nailoni kwa kuchujia, na chombo cha bati au kioo. Vikombe vya plastiki vya kutupa visikudanganye, vingine hutoboka na laka yote ikamwagika sakafuni.

Moto na pumzi

Sehemu hii isomwe kabla kopo halijafunguliwa. Asetoni, ambayo imo kwenye thina nyingi, hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwenye joto la Mombasa au Tanga huhitaji kuambiwa zaidi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hushuka sakafuni, hutambaa, na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa lililo chumba cha pili huku wewe husikii harufu kali usoni. Kwa hiyo jiko, sigara, mashine ya kuchomelea na grainda viwe mbali kabisa, si pembeni. Usiwashe wala kuzima taa ndani ya chumba kilichojaa harufu ya thina.

Fanya kazi mahali penye hewa inayopita, chini ya kibanda kilicho wazi pande mbili ikiwezekana. Barakoa ya kitambaa na ile ya vumbi hazizuii mvuke, hupita kama hukuvaa kitu. Inayofaa ni ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa kwa ajili ya mvuke wa kemikali. Ukianza kusikia harufu ndani yake, haijakaa vizuri usoni au vichujio vimekwisha. Na ile imani ya kunywa maziwa baada ya kazi ili kusafisha kifua, tuiache: maziwa huenda tumboni, mvuke umeingia mapafuni na kutoka hapo kwenye damu. Kinga ni hewa safi na barakoa sahihi. Watoto na mama mjamzito wasikae karibu na kazi hii.

Vitambaa vilivyolowa vitandaze nje, kimoja kimoja, mpaka vikauke kabisa ndipo uvitupe. Vumbi la msasa lililotoka kwenye laka nalo huwaka kwa kasi. Usilitupe jikoni.

Kuandaa mbao

Laka haifichi kitu, bali huonyesha kila kilichokuwepo. Mbao iwe kavu kwanza. Mbao mbichi itaendelea kusinyaa na kutoa unyevu chini ya laka, na hakuna ustadi wa brashi utakaookoa hiyo kazi.

Baada ya randa, anza na msasa 120 ukifuata nyuzi za mbao, halafu 180, halafu 220. Usiruke namba: mikwaruzo ya 120 haiondolewi na 220 kwa urahisi, na laka ikishapakwa itaonekana yote. Lowesha mahali palipobonyea kwa matone ya maji, weka kitambaa kibichi juu na ukandamize pasi ya moto kwa sekunde chache. Nyuzi zilizobonyezwa hunyanyuka. Subiri pakauke, kisha piga msasa tena. Unaposugua mvule jikinge pua na macho, kwani vumbi lake huwakera watu wengi na wengine huwaletea pumu.

Ukimaliza, zima taa za juu, washa tochi ya simu, uilaze karibu na ubao ili mwanga upite juu yake kwa ubavu. Mikwaruzo ambayo hukuiona mchana itajitokeza. Kisha futa ubao mzima kwa kitambaa chenye thina. Thina huondoa vumbi na mafuta ya mikono, inakuonyesha rangi ambayo mbao itakuwa nayo chini ya laka, na inafichua gundi iliyomwagika kwenye maungio, kwa sababu mahali penye gundi hapanywi thina na hubaki na doa jeupe. Kwangua gundi hiyo kwa patasi au skrepa sasa hivi. Baada ya laka utakuwa umechelewa.

Mbao hazifanani. Mninga, mkongo, mvule na mkangazi zina vitundu vikubwa vilivyo wazi. Ukitaka uso laini usio na vishimo, jaza vitundu kwa puti ya mbao yenye rangi inayokaribiana, ipake ukikatisha nyuzi, futa inayobaki juu, na uiache ikauke usiku kucha. Mimi kwenye mninga naona vitundu vikiachwa wazi kidogo vinapendeza, mbao inabaki kuwa mbao, lakini hilo ni la mteja kuchagua. Paini, kama ile ya Sao Hill, haina vitundu hivyo, ila vifundo vyake hutoa utomvu. Vipake kwanza shelaki, zile chengachenga zinazoyeyushwa kwa spiriti. Msaji na mpingo zina mafuta, zifute kwa asetoni kisha upake sila (koti la msingi nitakalolieleza hapa chini) mara moja, kabla mafuta hayajapanda tena juu.

Na kama mteja anataka mbao itiwe rangi, kuwa makini na steni, yaani rangi ya kutia mbao, iliyochanganywa kwa thina au spiriti. Brashi ya laka itaiyeyusha na kuiburuta, utapata mawingu. Kwa kazi ya brashi, steni ya maji ni salama zaidi. Ikishakauka vizuri laka haiigusi. Maji hunyanyua nyuzi, kwa hiyo lowesha ubao kwanza kwa kitambaa, uache ukauke, usugue kidogo kwa 220, ndipo utie steni.

Sila

Mafundi huita sandingi sila, au sila tu. Ni laka iliyotiwa aina ya sabuni ya zinki inayoifanya isagike kuwa unga mweupe chini ya msasa badala ya kuganda kwenye karatasi. Koti moja jepesi linatosha. Baada ya saa moja au mbili sugua kwa 320, mkono mwepesi, mpaka uso uwe laini mfululizo, kisha ufute vumbi lote.

Wapo wanaopaka sila makoti matatu kwa kuwa ni nafuu na inajaza haraka, kisha laka koti moja juu. Sipendi kazi hiyo. Ile sabuni inayorahisisha msasa ndiyo pia inayoifanya sila iwe laini na isistahimili maji. Ukirundika sila unajenga nyumba ngumu juu ya sakafu laini, na laka ya juu hupasuka ikigongwa.

Kuchanganya

Koroga laka polepole kwa kijiti, usiitikise kopo, povu litakusumbua. Ichuje kupitia soksi ya nailoni. Kwa laka ya kupuliziwa, anza na sehemu 3 za laka kwa sehemu 1 ya thina, kisha ongeza ritada isiyozidi asilimia 10 ya mchanganyiko wote. Kama umepata laka iliyotengenezwa kwa brashi, tayari ina viyeyushi vya polepole, huenda isihitaji chochote au ikahitaji thina kidogo siku ya joto. Ritada ikizidi, laka hukaa laini kwa siku nyingi.

Jaribu kwenye kipande cha mbao ileile. Mistari ya brashi inatakiwa ijifunge yenyewe ndani ya dakika moja hivi. Ikibaki, ongeza thina kidogo. Ikichuruzika, umezidisha.

Saa na hali ya hewa

Pwani, asubuhi hewa ina maji mengi. Ukipaka saa 1 asubuhi, thina inayoruka hupoza uso wa laka, unyevu wa hewani hutua juu yake, na laka inageuka nyeupe. Subiri mpaka saa 4, na ujitahidi kumaliza kufika saa 8 mchana ili koti likauke kabla ya unyevu wa jioni. Wakati wa masika kuna siku ambazo ni bora kufanya kazi nyingine. Kipupwe, kuanzia Juni, ndio msimu mzuri kwetu. Njombe au Limuru tatizo ni baridi pamoja na ukungu, kwa hiyo huko subiri jua lipashe hewa.

Lakini usipake juani. Ubao unaopata joto hupanua hewa iliyomo kwenye vitundu vyake, na hewa hiyo hutoka kwa mapovu madogo madogo yanayogandia ndani ya laka. Uweke ubao kivulini saa moja kabla. Fagia karakana jana yake jioni, si asubuhi hiyo, na usielekeze feni kwenye kazi.

Kupaka

Anza na upande wa chini, kisha miguu, uso wa juu uwe wa mwisho. Kila inapowezekana geuza kazi ili sehemu unayoipaka ilale: laka iliyolala hujisawazisha, iliyosimama huchuruzika. Milango ya kabati ivue, ilaze juu ya vijiti. Simama upande ambao mwanga unakuja kutoka mbele yako, ili uone mahali palipolowa na palipokauka.

Kabla ya kuanza, chovya brashi kwenye thina, ikamue, halafu ndipo uichovye kwenye laka hadi nusu ya nywele. Igonge ukutani mwa chombo, usiifute kwenye mdomo wake. Brashi inatakiwa iwe imebeba laka ya kutosha. Mazoea ya rangi ya mafuta yanatufundisha kupaka kidogo na kutandaza sana, na kwa laka mazoea hayo ndiyo kinyume kabisa.

Weka brashi kama sentimita 7 kutoka ukingoni, ivute kuelekea ukingo huo na uinyanyue inapofika, usiiburute juu ya kona maana kona itakamua laka na kuifanya ichuruzike pembeni. Rudi pale ulipoanzia, vuta brashi kuelekea upande mwingine hadi mwisho wa ubao kwa mkupuo mmoja, ukifuata nyuzi. Ukipenda, pitisha mara ya pili kwa ncha za nywele tu, nyepesi, mara moja. Hapo umemaliza mstari huo. Mstari unaofuata uguse uliotangulia kwa sentimita 1 ukiwa bado mbichi. Ubao wa sentimita 60 utachukua mistari kama kumi na mbili, na mstari wa mwisho uwe umeisha ndani ya dakika tatu au nne. Fanya mazoezi ya mwendo huu kwa brashi kavu kama mkono haujazoea.

Utaona mahali umeruka. Utaona unywele wa brashi umebaki katikati. Mkono utawasha kurudi. Acha. Unywele uchomoe kwa ncha ya pini kama laka bado imelowa sana, vinginevyo utausugua kesho. Mahali ulipoparuka, koti linalofuata litapafunika na kushikana napo, kwa kuwa ndivyo laka ilivyo.

Koti la kwanza litashikika baada ya nusu saa. Lisubiri saa mbili, kisha upake la pili. Hapo simama mpaka kesho. Makoti yakizidi, thina huchukua muda zaidi kutoka chini, na ukipaka la tatu mapema utahisi brashi inavuta na kung'ang'ania. Asubuhi sugua kwa 320 au 400 kuondoa chembe za vumbi na mistari iliyonyanyuka, futa, paka la tatu. Koti la nne, la mwisho, liongezee thina mpaka lifikie uzito wa mafuta ya kula yaliyopashwa joto. Hili halijengi unene, linayeyusha uso wa yaliyotangulia na kuusawazisha.

Usipite hapo. Laka ya naitroselulosi ikiwa nene sana hupasuka nyufa nyembamba baada ya muda, mbao inapopanuka na kusinyaa.

Ikiharibika

Uso ukiwa na ukungu mweupe, usikwangue. Subiri siku kavu, changanya thina na ritada kidogo, pitisha brashi mara moja juu ya sehemu hiyo. Laka itafunguka, unyevu utatoka, na weupe utapotea. Kama weupe unarudi kila mara hata hewa ikiwa kavu, badilisha thina.

Vishimo vya duara ambavyo laka inavikimbia vinatokana na silikoni, mara nyingi kwenye samani ya zamani iliyokuwa ikipuliziwa dawa ya kung'arisha. Kupaka laka zaidi hakusaidii. Iache ikauke, sugua, paka shelaki kama kizuizi, kisha uendelee. Mikunjo, yaani laka inanyanyuka na kujikunja, maana yake chini kuna rangi ya mafuta au vanishi ambayo thina imeishambulia. Hapo hakuna njia ya mkato: ondoa yote hadi kwenye mbao.

Michirizi ya brashi iliyokauka ni tatizo dogo kuliko yote. Sugua kwa 400 hadi ilale, upake koti la mwisho jepesi.

Kumalizia uso

Laka huonekana kavu siku hiyohiyo, lakini huendelea kutoa thina na kunywea. Mpe mteja kazi baada ya siku kadhaa ukipenda, ila usianze kung'arisha kabla ya wiki moja, na wiki mbili ni bora. Ukiwahi, uso uliokuwa sawa utazama tena kwenye vitundu.

Kwa uso laini usiong'aa sana, chukua stilwuli (nyuzi za chuma za kusugulia) laini kabisa, namba 0000, paka nta ya samani na usugue kwa mivuto mirefu ukifuata nyuzi, halafu futa kwa kitambaa safi. Mimi huu ndio uso ninaoupenda kwenye mninga. Anayetaka uso wa kung'aa sana atumie msasa wa maji 600, 800 na 1000 uliofungwa kwenye kipande bapa cha mpira, maji yawe na tone la sabuni, kisha amalize kwa kompaundi ya kung'arishia magari. Kingo na kona zipe mkono mwepesi sana. Laka ya hapo ni nyembamba na msasa huitoboa kwa mivuto michache.

Brashi na ukarabati

Osha brashi kwa thina ya bei nafuu mara mbili, kisha kwa maji ya moto na sabuni, ichane, ifunge kwa karatasi ili nywele zikae sawa. Brashi iliyosahauliwa ikakauka na laka bado haijafa: ilaze ndani ya thina usiku mmoja. Kopo lifunge vizuri, andika tarehe juu yake, liweke penye kivuli mbali na moto.

Duara jeupe lililoachwa na kikombe cha chai mara nyingi hutoka kwa kitambaa kilichoguswa spiriti kidogo tu, unakipitisha haraka bila kukandamiza. Kwa mkwaruzo mrefu, dondoshea laka nyembamba kwa brashi ya mchoraji, tone juu ya tone, ukingoja saa moja kati yake, mpaka laka ipande juu kidogo ya uso. Baada ya wiki moja sawazisha kwa msasa 600 na upang'arishe kama pembeni. Kiraka hakitaonekana, maana laka mpya na ya zamani zimeyeyukiana. Na meza nzima ikichakaa, huhitaji kukwangua hadi kwenye mbao: ioshe kwa sabuni, ikauke, sugua kwa 320, futa, paka makoti mawili siku hiyohiyo. Mteja akija kuichukua, mwambie asiweke kitu kizito juu yake kwa wiki moja.